Opsheni ya Futiboli ya Kimarekani Baada ya Kanuni za Kuzuia Kubadilika: Chini ya Senta, Shotigani au Wing-T?

Mwezi Oktoba 2023 timu ya Army, yaani ya chuo cha jeshi la nchi kavu la Marekani kilichoko West Point, ilicheza mechi mbili mfululizo bila kupata hata pointi moja: ilifungwa 19–0 na Troy, na wiki iliyofuata ikafungwa 62–0 na LSU. Msimu uliofuata timu hiyo hiyo, chini ya kocha mkuu yule yule, Jeff Monken, ilishinda mechi 12 na kupoteza 2 tu, na ikatwaa ubingwa wa ligi ya American Athletic Conference kwa kuifunga Tulane 35–14. Kati ya misimu hiyo miwili kanuni za kuzuia chini ya kiuno, yaani za kumwangusha mlinzi kwa kumpiga miguuni, hazikuguswa. Zilikuwa zimekwisha kubadilika kabla, na Army ilizijibu kwa namna mbili: mara ya kwanza ilihama nyumba, yaani iliuacha mfumo wake wa zamani, mara ya pili ikarudi kwenye nyumba ya zamani na kubomoa chumba kimoja.

Nalinganisha hapa majibu matatu ambayo timu za opsheni, mfumo wa kukimbia na mpira nitakaoueleza hapa chini, zimeyatoa tangu kanuni hizo zibadilike, nikimfikiria zaidi mtu anayetakiwa kuchagua, hasa kocha msaidizi wa timu ndogo. Si lazima awe chuoni. Shule za sekondari za Texas, jimbo ambalo familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimehamia, huchezea kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, pamoja na marekebisho ya jimbo lenyewe, na vilabu vingi vya Ulaya huchezea kanuni za shirikisho la kimataifa, IFAF, ambazo zimejengwa juu ya hizo hizo za NCAA. Kwa hiyo swali linalomkabili kijana anayefundisha timu ya mtaa wa Houston linafanana sana na la mwenzake aliyeko Ujerumani, ila kila mmoja hana budi kusoma toleo la mwaka wake la kanuni za mahali pake kabla ya kufundisha lolote.

Kanuni zilipobana

Kuzuia, katika mchezo huu, ni kumwondoa mlinzi njiani kwa mwili wako bila kumshika, ili mwenzako mwenye mpira apite. Opsheni nayo ni aina ya mchezo ambamo kwotabeki, mchezaji anayeupokea mpira unapoanzishwa na kuugawa, haamui mapema nani atabeba mpira. Huamua baada ya mpira kuanzishwa, kwa kumtazama mlinzi aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi huyo akimfuata mbebaji wa kwanza, mpira unakwenda kwa wa pili, na akimngojea wa pili, mpira unabaki kwa wa kwanza. Ndiyo maana mfumo huu umependwa kwa miaka mingi na timu zenye watu wadogo wa umbo: yule mlinzi mkubwa kuliko wote hasukumwi na mtu, anaachwa achague vibaya.

Silaha ya pili ya wadogo ilikuwa kufyeka. Mzuiaji anajirusha chini, bega lake likilenga paja au goti la mlinzi, na mlinzi wa kilo 120 anaanguka mbele ya kijana wa kilo 85 ambaye asingeweza kumsogeza hata hatua moja kama wangesimama kifua kwa kifua. Vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force viliitegemea silaha hii kuliko wengine, kwa kuwa wachezaji wao wanatakiwa kuwa maofisa baada ya masomo na hawawezi kubeba miili ya kilo 150 inayoonekana kwenye mistari, yaani safu za wazuiaji wa mbele, ya vyuo vingine.

Kubana kulikuja kwa hatua. Mwaka 2018 NCAA ilipiga marufuku safu ya ushambuliaji kuzuia chini ya kiuno zaidi ya yadi 5 mbele ya mahali mpira unapoanzishwa, na ikaagiza kwamba asiye mchezaji wa ndani wa mstari afyeke kutoka mbele tu. Mwaka 2019 likaja katazo la kumvamia kwa nguvu mtu asiyekuona, katazo ambalo liliwagusa moja kwa moja wapokeaji wa pembeni waliozoea kukimbia kuelekea ndani na kumbamiza lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, aliyekuwa akiufuata mpira kwa macho. Kisha msimu wa 2022 mlango ukafungwa karibu wote: kuzuia chini ya kiuno kukaruhusiwa ndani ya boksi peke yake, na kwa watu wa aina mbili, yaani wachezaji wa mstari na mabeki (hapa, wakimbiaji wanaosimama nyuma ya mstari) ambao hawakuwa wakitembea wakati mpira unaanzishwa. Boksi ni eneo la yadi 5 kushoto na yadi 5 kulia kwa senta, yule wa katikati ya mstari anayeuanzisha mpira, nalo huhesabika kuwa limevunjika mara mpira unapotoka ndani yake.

Wako waliosema kwamba kanuni hizi zilitungwa kuviumiza vyuo vya kijeshi. Sikubaliani nao. Mlinzi wa pembeni anayekimbia kwa kasi, macho yakiwa kwenye mpira, hana namna ya kulinda goti lake dhidi ya mtu anayejirusha miguuni pake, ilhali mchezaji wa mstari aliyeinama uso kwa uso na mwenzake umbali wa mkono mmoja anajua linalokuja na ana mikono ya kujikinga. Kanuni imetenganisha hali hizo mbili, na imefanya vyema. Lakini kuikubali sababu yake hakupunguzi gharama yake kwa anayefundisha opsheni.

Adhabu ni yadi 15, na kwa timu ya opsheni yadi hizo zina uzito usio wa kawaida. Timu inayorusha mpira inaweza kufidia yadi 15 kwa pasi moja. Timu inayoishi kwa yadi 3 na 4 kwa kila mbio, ambayo hesabu yake yote ni kupata yadi 10 katika dauni nne, yaani majaribio manne, ikirudishwa nyuma hadi kuhitaji yadi 25 huwa kwa kweli imekwisha kuutoa mpira, hata kama bado inaushika. Tena tangu 2023 saa haisimamishwi kila inapopatikana dauni ya kwanza, yaani yadi 10 zinapotimia, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu, kwa hiyo nafasi za kumiliki mpira zimepungua na kila kosa limekuwa ghali zaidi.

Mchezo mmoja, polepole

Ili kuona kanuni imeuma wapi, tuutazame mchezo mmoja tu: opsheni ya njia tatu kuelekea kulia, katika mpangilio wa fleksiboni, ambao Paul Johnson aliufundisha Georgia Southern, kisha Navy, na mwishowe Georgia Tech hadi 2018. Kwotabeki amesimama nyuma ya senta, mikono chini yake. Fulubeki, ambaye asichanganywe na beki wa soka, yuko kama yadi 4 nyuma ya mpira, ameinama. Mabeki wawili wa bawa wamesimama kila mmoja nje kidogo ya mwisho wa mstari wa upande wake, na wapokeaji wawili wako mbali pembeni.

Beki wa bawa wa kushoto anaanza kukimbia kuelekea nyuma ya fulubeki, na baada ya hatua mbili au tatu mpira unaanzishwa. Fulubeki anachomoka moja kwa moja kuelekea pengo lililo nje ya gadi wa kulia, yaani mchezaji wa mstari aliye kando ya senta. Kwotabeki anamwekea mpira tumboni bila kuuachia, macho yake yakiwa kwa mlinzi wa kwanza wa nje ya pengo hilo. Mlinzi akibaki mahali pake, fulubeki anaondoka na mpira. Akimrukia fulubeki, kwotabeki anauchomoa na kukimbilia ukingoni, ambako anamkuta mlinzi wa pili aliyeachwa bila kuzuiwa, na huyo naye akimjia, mpira unarushwa kando kwa yule beki wa bawa aliyekuwa akikimbia tangu mwanzo.

Zamani, katika mchezo huu, walikuwa wakifyeka watu wa makundi matatu. Kundi la kwanza ni wachezaji wa mstari, hasa wa upande wa kushoto, ambao walijirusha miguuni mwa walinzi wa karibu ili wasiukimbize mchezo kutoka nyuma. Kundi la pili ni beki wa bawa wa kulia, aliyezunguka nje na kumfuata mlinzi wa mwisho aliyekuwa akishuka kwa kasi. La tatu ni mpokeaji wa pembeni, aliyemshughulikia mlinzi aliye mbele yake. Ukiisoma kanuni ya 2022 juu ya picha hii utaona kwamba kundi la kwanza limebaki na haki yake, mradi liko ndani ya boksi, ilhali la pili na la tatu zimenyang'anywa silaha kabisa.

Kwa hiyo njia tatu za opsheni hazikuumia sawasawa. Mbio za fulubeki katikati ziko karibu kama zilivyokuwa. Mbio za kwotabeki zimeumia nusu, kulingana na umbali anaokwenda nje. Mpira wa kurushwa kando ndio ulioumia hasa, kwa sababu mpira huo una faida pale tu watu wawili wa nje wanapozuiwa, na sasa watu hao wanazuiliwa na vijana wadogo walio wima. Anayechagua mfumo baada ya 2022 anachagua, kwa vitendo, namna ya kuishi na jeraha hilo la nje.

Kubaki chini ya senta

Sababu kubwa ya kubaki na kwotabeki chini ya senta inahusu muda. Zuio la kufyeka halimwondoi mlinzi. Linamwangusha, naye atainuka. Linanunua muda mfupi sana. Fulubeki aliye yadi 4 nyuma ya mpira, anayekimbia moja kwa moja bila kupinda, anahitaji muda huo mfupi na si zaidi: mlinzi anapoinuka, yeye amekwisha kupita. Hapa ndipo naona kosa la wale waliosema kwamba kanuni mpya zimeifanya opsheni ya zamani isiwezekane. Kanuni iliacha mazuio ya chini mahali pale pale ambapo mchezo wa chini ya senta unayahitaji zaidi, yaani katikati, na anayeuacha mchezo huo kwa sababu ya kanuni anatupa pamoja na kile kilichokatazwa hata kile kilichoruhusiwa.

Army ya 2024, ikiwa na Cody Worley kama mratibu wa ushambuliaji, ilirudi chini ya senta na kuupunguza mpira wa kurushwa kando. Mzigo ulihamia kwa kwotabeki Bryson Daily, aliyekimbia zaidi ya yadi 1,600 na kufunga tachidauni 32 za mbio (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), na kwa fulubeki Kanye Udoh aliyevuka yadi 1,000. Ukiitazama mechi yoyote ya msimu ule utaona mstari ukisukuma kwa pamoja, mzuiaji wa ziada akiongezwa upande mmoja, na Daily akifuata nyuma yao kama mtu anayefuata trekta shambani. Haikupendeza macho. Lakini timu iliongoza daraja la juu la NCAA kwa yadi za kukimbia, karibu 300 kwa mechi.

Msomaji asiuchukue msimu huo kama ushahidi safi, hata hivyo. Army ilikuwa imeingia kwenye ligi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kujipangia mechi zenyewe, na wapinzani wengi wa ligi hiyo hawakuwa wa kiwango cha LSU. Ilipokutana na Notre Dame ilifungwa 49–14, na Navy ikaifunga 31–13. Mechi hizo mbili zinaonyesha udhaifu ule ule: ulinzi wenye nguvu katikati ukishaamini kwamba mpira wa kando hauji, huongeza watu ndani, na timu isiyorusha pasi ikishatanguliwa kwa tachidauni mbili haina njia ya haraka ya kurudi. Kocha anayechagua njia hii lazima bado aufundishe mpira wa kando na autumie angalau mara kadhaa kwa mechi, hata kama yadi zake ni chache, ili ulinzi usilale ndani. Hilo lina maana ya kumfundisha beki wa bawa kuzuia akiwa wima: afike mapema, ashushe kiuno, aweke mikono kifuani mwa mlinzi wa mwisho na kumwacha achague upande, kisha amsindikize upande huo huo. Hamwangushi tena. Anamchelewesha, na mbebaji wa mpira ajifunze kukata upande wa pili wa mgongo wake. Ni kazi ya wiki nyingi, na kwa uzoefu wangu vijana waliozoea kujirusha huichukia mwanzoni, kwa sababu kufyeka kulikuwa na jibu la papo kwa papo: ama umemwangusha ama hukumwangusha.

Kuhamia shotigani

Katika shotigani kwotabeki anasimama kama yadi 5 nyuma ya senta na kuupokea mpira hewani, beki akiwa pembeni yake. Opsheni ipo bado, lakini inasomwa kwa mbali zaidi. Monken alieleza hadharani kwamba mabadiliko ya kanuni za kuzuia ni sababu mojawapo ya kuhamia huko mwaka 2023, na akamleta Drew Thatcher kuisimamia safu ya ushambuliaji. Msimu ulianza kwa kufungwa 17–13 na Louisiana-Monroe, ukashuka hadi ushindi wa mechi 2 katika 8, kisha timu ikashinda nne za mwisho, ikiwemo ya Navy, na kumaliza 6–6.

Hesabu ya muda niliyoitaja juu hapa inageuka. Beki wa shotigani huupokea mpira akiwa amesimama au akivuka mbele ya kwotabeki, hivyo hufika kwenye mstari akiwa amechelewa na akitokea upande. Mlinzi aliyefyekwa huwa amekwisha kuinuka. Zuio la chini linapoteza thamani hata pale linaporuhusiwa, na mstari unalazimika kuzuia kwa kusimama na kwa muda mrefu, kazi inayotaka hasa ile miili mikubwa ambayo timu ndogo haina. Juu ya hayo, shotigani ndiyo inayochezwa na karibu kila mtu. Mpinzani wa fleksiboni hupewa siku chache za kujifunza mchezo asiouona mahali pengine popote mwaka mzima. Mpinzani wa shotigani hahitaji somo jipya.

Pamoja na hayo, sitaki msomaji adhani kwamba shotigani ni njia mbovu. Mwaka huo huo wa 2023 Liberty, chini ya Jamey Chadwell, ambaye alikwisha kuujenga mfumo wake wa opsheni ya shotigani huko Coastal Carolina, ilishinda mechi 13 kabla ya kufungwa 45–6 na Oregon katika Fiesta Bowl, mechi ya baada ya msimu. Tofauti ya Liberty na Army haikuwa kwenye kanuni za kuzuia, maana zote mbili zilizifuata zile zile. Ilikuwa mkono wa kwotabeki. Kaidon Salter alikimbia zaidi ya yadi 1,000 na wakati huo huo akarusha pasi 32 za tachidauni. Shotigani inamlipa mtu wa namna hiyo, na kanuni za vyuo zinamwongezea zawadi nyingine: wachezaji wa mstari wanaruhusiwa kusonga hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, wakati katika ligi ya kulipwa, NFL, ni yadi 1 tu. Kwotabeki anaweza kwa hiyo kumsoma lainibeka, na kama lainibeka amekimbilia ndani kuzuia mbio, akarusha pasi fupi nyuma ya mgongo wake ilhali mstari wake mwenyewe tayari unazuia kama mchezo wa kukimbia. Pasi hiyo fupi inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na beki wa bawa aliyefyeka: inamwondoa mtu wa nje bila kumgusa.

Ukimkosa huyo kwotabeki, unabaki na nusu mbili zisizoungana. Hivyo ndivyo ninavyoisoma Army ya 2023.

Kuchanganya na Wing-T

Jibu la tatu ni la Navy, na binafsi ndilo linalonivutia zaidi. Navy ilikuwa na mambo yake: ilimaliza 2022 kwa mechi 4 za ushindi na 8 za kushindwa, kocha mkuu Ken Niumatalolo akaondolewa baada ya miaka 15, na mwaka wa kwanza wa mrithi wake Brian Newberry ukaisha 5–7. Kwa msimu wa 2024 aliletwa Drew Cronic kutoka chuo cha Mercer na mfumo unaochanganya opsheni na Wing-T, mchezo wa zamani uliopata sifa katika chuo cha Delaware. Navy ikashinda mechi 10 na kupoteza 3.

Wing-T inamsaidia mtu mdogo kwa njia tofauti na kufyeka, nayo ni pembe. Badala ya mzuiaji kumkabili mlinzi aliye mbele yake, anamwacha huyo na kumpiga yule aliye ndani yake, kutoka ubavuni, kwa bega. Mlinzi anayetazama mbele na kusukumwa ubavuni hana mguu wa kusimamia, hata awe na kilo nyingi kiasi gani. Nafasi iliyoachwa nje inashughulikiwa na gadi, ambaye hutoka kwenye mstari, hukimbia nyuma ya wenzake na kumpiga mlinzi wa ukingoni kutoka ndani kwenda nje. Kila zuio katika mlolongo huo hufanywa kwa bega, juu ya kiuno. Mwamuzi hana cha kutazama, wala kocha hana cha kuogopa.

Ziada yake ni udanganyifu. Mabeki wawili wanapishana nyuma ya kwotabeki, gadi mmoja anakimbia kulia, mpira unakwenda kushoto, na mchezo ujao ukionekana sawasawa na huo, mpira unabaki kwa kwotabeki. Katika Armed Forces Bowl ya Desemba 2024 Navy ilikuwa nyuma ya Oklahoma, timu yenye wachezaji wakubwa na wenye kasi kuliko wake katika karibu kila nafasi, pale kwotabeki Blake Horvath alipobaki na mpira, akapita katikati na kukimbia yadi 95 hadi tachidauni. Navy ilishinda 21–20. Hakukuwa na haja ya kumfyeka mtu nje.

Gharama yake iko kwenye mazoezi. Gadi wa Wing-T lazima awe mwepesi wa kukimbia na mwenye macho ya kujua nani wa kumpiga anapofika, na watu wa namna hiyo hawapatikani kila mtaa. Michezo yake huja kwa familia: mbio za nje, mtego wa katikati na pasi ya kudanganya vinafundishwa pamoja, na ukifundisha mmoja tu peke yake hauna maana. Timu inayokutana mara mbili kwa wiki, kama ilivyo kwa vilabu vingi vya Ulaya, itahangaika kuzifikisha familia mbili za michezo kwenye kiwango cha kutumika kabla msimu haujaanza. Tena gadi wawili wanaokimbia kuelekea upande mmoja huacha pengo nyuma yao, na ulinzi wenye mlinzi mwepesi wa katikati utapenya humo na kumkamata beki kabla hajapata mpira vizuri.

Air Force ya Troy Calhoun nayo inastahili kutajwa, ingawa kwa ufupi, kwa sababu imekuwa ikichanganya mipangilio na namna za kuzuia tangu alipoanza kazi mwaka 2007 na haikutegemea kufyeka nje kiasi cha jirani zake. Katika mwaka ule ule wa 2022, kanuni ilipoanza kutumika, ndiyo iliyoongoza daraja la juu kwa yadi za kukimbia kwa mechi. Anayehitaji hoja moja ya kumjibu rais wa klabu anayedai kwamba opsheni imekufa, aichukue hiyo.

Namna ya kuamua

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kocha kuchagua kwa kuangalia kwotabeki peke yake. Kanuni mpya zimemgusa kwotabeki kidogo sana. Waulizwe kwanza watu wa nje: beki wa bawa na mpokeaji wanaweza kumchelewesha mlinzi wakiwa wima? Kisha aulizwe gadi: anaweza kukimbia? Kwotabeki aje wa tatu, kwa swali moja, kama pasi yake fupi ya haraka inafika mahali pake au haifiki.

Kwa timu ya sekondari au klabu yenye watu wadogo, fulubeki mmoja mwenye nguvu na kwotabeki asiye na mkono, ningebaki chini ya senta bila kusita, na ningekubali kwamba mpira wa kando utakuwa wa kutishia zaidi kuliko wa kupata yadi. Kwa timu yenye gadi wepesi na siku nne au tano za mazoezi kwa wiki, ningekwenda Wing-T. Shotigani ningeichagua kwa ajili ya mtu, kamwe si kwa ajili ya kanuni: kama yupo kijana anayerusha vizuri na hatahama mwakani, basi ni yake; akiondoka, mfumo unaondoka naye. Kilichobaki ni cha mazoezi, na kinaweza kupimwa ndani ya wiki mbili.

Chora boksi kwa chokaa kwenye uwanja wa mazoezi, yadi 5 kila upande wa senta, na uiache mistari hiyo msimu mzima. Wachezaji wa mstari wafyeke ndani yake, na yeyote anayejirusha nje yake, hata kwa bahati mbaya, arudie mchezo kutoka yadi 15 nyuma pamoja na timu nzima. Baada ya siku chache utasikia wakionyana wenyewe kwa wenyewe. Mabeki wa bawa uwapime peke yao. Mweke mlinzi wa mwisho yadi 8 mbele, mwenye mpira nyuma ya mzuiaji wake, na hesabu ni mara ngapi katika majaribio 10 beki anamgusa mlinzi kwa mikono miwili na kukaa naye hadi mwenye mpira apite. Akifanikiwa mara 6 au 7, opsheni yako ya zamani bado ina njia zake tatu. Akifika mara 3, usipoteze mwezi mzima ukimbembeleza: mwite gadi wako, mpe hatua ya kwanza ya kutoka kwenye mstari, na uanze kuchora pembe.